Nusu ya Nyumba ya Theluji

Nyumba ya theluji ambayo Wainuiti huiita iglu kwa kawaida ni ndogo. Mtu mwenye kisu kirefu na jicho zuri huijenga kwa muda mfupi, na udogo wake ndio akili yake, kwa kuwa joto la miili na la taa ya mafuta ya sili hutosha kuipasha. Katika majira ya baridi ya mwaka 1920 kuingia 1921, kwenye pwani ya mashariki ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, mgeni mmoja aliomba ajengewe iglu isiyo na akili hiyo. Aliitaka iwe na upana wa futi 25 ili yeye na kamera yake waenee ndani. Wajenzi hawakuwahi kupandisha kuba la ukubwa huo. Liliporomoka, watu wakacheka, wakaanza upya. Liliposimama hatimaye, ndani mlikuwa na giza, na madirisha ya barafu hayakusaidia kitu. Basi mgeni akaomba upande mmoja wote ukatwe. Familia ikaingia katika nusu iliyobaki, ikavua nguo za manyoya, ikajifunika ngozi na kujilaza, huku upepo wa nje ukiwapiga na pumzi zao zikitoka kama moshi.

Mgeni huyo alikuwa Robert Flaherty. Ukiitazama filamu yake leo hutauona upande uliokatwa, kwa sababu wewe mtazamaji ndiye uliyekalishwa hapo.

Filamu yenyewe ni *Nanook of the North*. Ilionyeshwa New York tarehe 11 Juni 1922, na wengi huihesabu kuwa filamu ndefu ya kwanza ya hali halisi kuvuma duniani. Kabla yake kulikuwa na mikanda mifupi ya treni ikiingia stesheni, wafanyakazi wakitoka kiwandani au mfalme akipunga mkono. Kulikuwa pia na mikanda ya wasafiri, iliyopigwa picha kama mtu anavyookota kokoto ufukweni, moja hapa, nyingine pale. Flaherty alimchukua mtu mmoja asiye mwigizaji, akakaa naye mwaka mzima, na watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya mahameli huko mjini wakajikuta wanamhofia mtu huyo asije akarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu hapo kila dokumentari ya wavuvi, ya wakimbizi au ya simba wa Serengeti ina damu yake kidogo. Ukuta uliokatwa nao umerithiwa, na ndio unaonivuta zaidi katika habari za mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1884 Iron Mountain, jimbo la Michigan, mji uliopewa jina kwa ajili ya chuma chake. Baba yake alikuwa mtu wa migodi, na migodi ilipoyumba alihamia na familia upande wa Kanada kutafuta madini mengine. Mtoto alikulia kambini kuliko darasani. Alijifunza mtumbwi, viatu vya theluji na kulala nje. Alipopelekwa chuo cha madini Michigan hakudumu, ila huko ndiko alikokutana na Frances Hubbard, binti msomi wa mwanajiolojia, ambaye walikuja kuoana mwaka 1914. Waliomfahamu Flaherty humkumbuka kwa mambo mawili: fidla aliyoibeba hata kwenye barafu, na mdomo wake. Alikuwa msimuliaji wa namna ile inayokufanya usahau kuwa chakula kinapoa.

Mwaka 1910 aliajiriwa na Sir William Mackenzie, tajiri wa reli wa Kanada, aende Ghuba ya Hudson kutafuta chuma. Reli ilikuwa inajengwa kuelekea ghuba, meli zingebeba ngano, na kama njiani kungekuwa na madini, heri zaidi. Flaherty alifanya safari nne kati ya 1910 na 1916. Chuma alikipata, lakini hakikuwa cha thamani ya kuchimbwa. Alichopata cha maana kilikuwa visiwa. Ramani za wakati huo ziliweka vidoa tu mahali panapoitwa Visiwa vya Belcher, naye akasikia kutoka kwa Wainuiti kuwa huko kuna nchi kubwa. Mmoja wao, Wetalltok, alimchorea ramani kwa mkono. Flaherty alipofika aliikuta ramani ile ni ya kweli kuliko za serikali. Leo kisiwa kikubwa kuliko vyote pale kinaitwa Kisiwa cha Flaherty, na jina la mchoraji linajulikana kwa wachache.

Kamera iliingia katika maisha yake kama mzigo wa ziada. Mackenzie ndiye aliyemshauri kabla ya safari ya 1913 abebe chombo hicho kipya, kwa kuwa anapita kwenye nchi na watu wasiojulikana. Flaherty alikwenda Rochester, jimbo la New York, akasoma upigaji picha wa sinema kwa wiki tatu. Mafunzo rasmi aliyowahi kupata katika kazi iliyompa jina yalikuwa hayo tu.

Kufikia 1916 alikuwa Toronto na futi zipatazo 30,000 za filamu, akizipanga mezani. Filamu za siku hizo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti. Sigara ikamponyoka. Moto ulimaliza negativu zote na kumpeleka hospitali yeye mwenyewe. Kopi moja ilinusurika, akawa anaionyesha kwa watu, nao walipiga makofi ya adabu. Alikuwa na unyofu wa kukubali kwamba walikuwa na haki ya kuchoka. Mkanda ule ulikuwa wa kokoto zilizookotwa, bila mtu wa kumfuata. Yeye na Frances wakakata shauri: akirudi kaskazini, atachukua familia moja na maisha yake, basi. Kama sigara ile isingeanguka, nadhani tungekuwa na mkanda mmoja zaidi wa msafiri uliosahaulika.

Fedha hazikupatikana haraka. Vita Kuu ilikuwa inaendelea, na Mackenzie hakuwa na haja tena. Mwaka 1920 kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya, Revillon Frères, ikakubali kulipa. Kampuni hiyo ilikuwa mpinzani wa Hudson's Bay Company, na filamu ya watu wanaowinda mbweha weupe ingekuwa tangazo zuri. Gharama yote ilikuja kufikia kama dola 53,000. Tarehe 15 Agosti 1920 Flaherty akateremka Port Harrison, kituo cha kampuni hiyo ambacho leo huitwa Inukjuak. Alikuja na futi 75,000 za filamu, mtambo wa umeme, projekta, mashine ya kuchapia picha na kamera mbili za Akeley.

Kamera hizo zina historia inayotufikia sisi wa huku. Carl Akeley alikuwa bingwa wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho. Alikanyagwa na ndovu Mlima Kenya mwaka 1910 akapona, na mwaka 1926 alifariki na kuzikwa kwenye miteremko ya Mikeno, Kongo ya Wabelgiji. Alibuni kamera yake kwa sababu zilizokuwapo hazikuweza kumfuata mnyama anayekimbia. Kichwa cha stendi yake kiligeuka na kuinama kwa ulaini, bila mtetemo, na sehemu zake zililainishwa kwa grafiti badala ya mafuta. Flaherty aliitaka kwa sababu hizo hizo mbili, hasa ya pili, kwani kwenye baridi ya Ghuba ya Hudson mafuta huganda. Chombo kilichozaliwa na uwindaji wa Afrika kikawa jicho la kwanza la dokumentari.

Kwa mhusika mkuu alimteua mwindaji mashuhuri wa pale, Allakariallak. Jina hilo aliliona gumu kwa watazamaji wake, akamwita Nanook, yaani dubu. Alimpa pia wake wawili wa filamu ambao hawakuwa wake zake. Mmoja, anayetabasamu zaidi mbele ya kamera, anaitwa Nyla. Jina lake halisi lilikuwa Maggie Nujarluktuk.

Vitabu vya historia ya sinema hupenda kumweka Flaherty peke yake kwenye barafu na kamera yake, na hapo ndipo navitilia shaka. Hebu fikiria kazi ya kusafisha filamu mahali hapo. Maji yalitoka chini ya barafu yenye kina cha futi sita, wanaume wakitoboa shimo na kulitoboa tena kila liliposhikana. Yalivutwa kwa sleji za mbwa hadi kibandani, kisha ikabidi yachujwe nywele, maana manyoya ya nguo za wachotaji yalidondokea humo na kunasa kwenye filamu. Mbao za kukaushia zilikuwa mabaki yaliyotupwa na bahari, kwani nchi ile haina mti. Umeme wa mtambo ulipanda na kushuka, picha zikatoka zenye madoa, ndipo Flaherty akaziba dirisha, akaacha tundu la ukubwa wa picha moja, akachapa kwa mwanga wa jua na kuupunguza kwa vipande vya kitambaa chepesi. Wainuiti ndio waliochota, waliochuja, waliobeba, waliotengeneza vyombo vilivyoharibika, na ndio waliopanga wapi na lini kuwinda. Yeye alishika kamera. Kwa lugha ya leo wangeandikwa mwishoni mwa filamu kama wasaidizi wa utengenezaji, na baadhi yao kama waongozaji.

Uamuzi wake wa kusafisha filamu pale pale ulikuwa na sababu nyingine iliyokuwa mpya kabisa. Alitaka wahusika waone walichokifanya. Jambo la kwanza alilopiga picha lilikuwa uwindaji wa walrasi, mnyama wa baharini mwenye uzito wa gari na pembe mbili ndefu zinazoshuka kutoka mdomoni. Wanaume walimnyatia mmoja ufukweni, Allakariallak akamrushia chusa, mnyama akakimbilia majini na kamba mkononi mwa wanadamu. Wakavuta, naye akavuta. Kwa simulizi ya Flaherty mwenyewe, walipoona wanazidiwa walimpigia kelele achukue bunduki, naye akajifanya hasikii, akaendelea kuzungusha mkono wa kamera. Wakamshinda mnyama mwishowe. Siku picha zilipoonyeshwa kibandani, wengi walikuwa hawajawahi kuona sinema. Mwanzoni waligeuka nyuma kutazama mwanga wa projekta. Walipomwona walrasi wakaruka kutoka vitini, wakimpigia makelele Nanook wa ukutani amshike asimwachie. Kuanzia usiku ule hakuwa na shida ya kupata watu.

Mbona waliomba bunduki? Kwa sababu walikuwa nazo. Wainuiti wa Port Harrison wa mwaka 1920 waliwinda kwa bunduki, walikunywa chai, walivaa baadhi ya nguo za dukani, waliuza manyoya kwa kampuni mbili zinazoshindana na walijua bei. Flaherty alitaka maisha ya babu zao. Aliwaomba waache bunduki na washike chusa. Ipo sehemu maarufu ambapo Nanook, kwenye kituo cha biashara, anaonyeshwa gramafoni, anashangaa sauti inatoka wapi, kisha anaing'ata santuri kwa meno. Watazamaji wa mjini walicheka kwa upendo, kama mtu anavyomchekea mtoto. Allakariallak aliijua gramafoni vizuri, alikuwa anawachezea. Tena sehemu ya sili, Nanook akivutana na kamba inayoingia shimoni na kuanguka huku na huku, ilipoonyeshwa Inukjuak miongo mingi baadaye iliwavunja mbavu wenyeji, ambao walijua uwindaji wa sili hauwi hivyo. Mmasai wa leo anayeombwa na mpiga picha avue saa na kuficha simu kabla ya kuruka ataitambua ile biashara mara moja.

Hata hivyo, naona si haki kumwita Flaherty mwongo na kufunga shauri. Babu zao waliwinda kwa chusa kweli, na watu waliokuwa mbele ya kamera walijua namna ya kufanya hivyo, wazee waliwafundisha. Baridi ilikuwa baridi. Mwanzoni mwa 1921 yeye na Allakariallak walikwenda kutafuta dubu kwa sababu Allakariallak mwenyewe aliahidi picha ya mwindaji akipambana na dubu pangoni. Walisafiri karibu siku 55 na maili 600, wakakosa chakula, mbwa wakafa, dubu hawakumwona. Hakuna hata inchi moja ya safari ile iliyoingia kwenye filamu. Njaa ya kuigiza ilionyeshwa dunia nzima, na njaa ya kweli ikabaki katika maneno ya msimuliaji.

Agosti 1921 meli ya mwaka ilitia nanga. Flaherty akapakia vitu vyake, akaagana na watu ufukweni, Allakariallak akamsindikiza kwa kayaki. Maggie Nujarluktuk alikuwa mjamzito.

Huko New York wasambazaji hawakuona kitu. Paramount walikataa, wengine wakakataa: nani atalipa kiingilio kuona mtu asiye na mapenzi, asiye na adui, anakula nyama mbichi? Mwishowe Pathé waliichukua, na ilipoonyeshwa watu walijaa. London na Paris zilifuata. Chini ya miaka miwili hivi baadaye habari zikaja kwamba Allakariallak amefariki. Flaherty aliandika kuwa alikufa njaa akiwa bara kutafuta paa, na kifo hicho kikaipamba filamu kwa huzuni iliyofaa sana. Waliochunguza baadaye wanaona kuwa alifia nyumbani, na kwamba huenda ni kifua kikuu kilichomuua, ugonjwa uliokuja na wageni wale wale walionunua manyoya. Njaa ilikuwa hadithi nzuri zaidi.

Paramount, wakiwa wamejuta, wakampa fedha aende popote alete Nanook mwingine. Akaenda Samoa na Frances na watoto wao, akakaa katika kijiji cha Safune, kisiwa cha Savai'i, tangu 1923. Alifika akitafuta mapambano na bahari, akakuta minazi, samaki wengi na watu walioshiba. Hapo akatumia filamu ya pankromatiki, ambayo ilikuwa bado haijazoeleka. Filamu iliyotumika kwa kawaida haikuhisi mwanga mwekundu, hivyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi bila umbo. Hii mpya iliuona mwili wa Msamoa jinsi ulivyo, na uzuri wa filamu ya *Moana* unatokana kwa kiasi kikubwa na kemikali hiyo. Kemikali hiyo hiyo nusura imuue, maana alisafishia filamu pangoni na kunywa maji yaliyochanganyika na nitrati ya fedha. Kwa kuwa hapakuwa na mapambano, alilipa yatafutwe. Kijana aliyeigiza Moana alichorwa tatuu kwa njia ya kale, kwa meno ya mfupa yakigongwa kwenye ngozi kwa majuma, desturi iliyokuwa inafifia chini ya macho ya wamisionari. Maumivu ya kijana yule hayakuwa ya kuigiza.

Fedha hazikurudi. Lakini tarehe 8 Februari 1926 Mskoti mmoja kijana, John Grierson, aliandika uhakiki wake katika gazeti la New York Sun, na humo akasema filamu ile ina thamani ya dokumentari. Neno hilo lilikuwa la wanasheria na watunza kumbukumbu. Tangu hapo likahamia sinema, na Flaherty akaitwa baba wa kitu ambacho alikianza kabla hakijawa na jina.

Grierson alimpenda na alimchukia. Mwenyewe alitaka filamu zinazoonyesha kazi, mishahara, posta, mitaa mibovu ya miji ya Uingereza, mambo ya leo yanayohitaji kurekebishwa leo. Alimwajiri Flaherty apige picha viwanda vya Uingereza, na fedha zikaisha haraka kwa sababu Flaherty hakuwahi kujua kupiga picha kidogo. Kisha ikaja *Man of Aran* ya mwaka 1934, iliyotengenezwa kwenye visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland. Baba, mama na mtoto wa filamu hiyo walitoka nyumba tatu tofauti. Papa wakubwa wanaowindwa humo walikuwa hawajawindwa na watu wa visiwa kwa zaidi ya miaka 50, hata ikabidi aletwe mtu wa nje kuwafundisha kutumia chusa. Wamiliki wa ardhi na kodi zao, ambazo ndizo zilizowafanya watu wale walime juu ya miamba kwa kuchanganya mchanga na mwani, hawaonekani kabisa. Kuna sehemu ambapo wavuvi wanapigana na mawimbi kwenye mtumbwi mwembamba wa turubai, na bahari ile si ya kuigiza. Baadaye Flaherty alikiri kwamba alistahili kupigwa risasi kwa yale aliyowaomba watu wale wafanye. Filamu ilipata tuzo kuu ya filamu za nje huko Venice, kikombe chenye jina la Mussolini.

Nayapita upesi yaliyofuata: *Elephant Boy* ya 1937, iliyopigwa picha India na kumaliziwa na wengine studio, ambayo faida yake kubwa ilikuwa kumwibua mtoto Sabu, na *The Land* ya 1942, ambamo kwa mara moja alitazama umaskini wa wakulima wa Marekani uso kwa uso, akatoa filamu yenye uchungu ambayo serikali iliyoilipia haikutaka ionekane sana. Ya mwisho kubwa ni *Louisiana Story*, mwaka 1948. Mtoto wa kwenye vinamasi, mtumbwi wake, mamba, na mnara wa kuchimbia mafuta unaokuja taratibu kupitia majani kama mnyama mpole. Aliyelipia ni kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey, ambayo haikuomba hata jina lake litajwe. Haikuwa na haja. Katika filamu ile mafuta yanakuja, yanaondoka, na maji yanabaki safi. Muziki wake ulimpatia Virgil Thomson tuzo ya Pulitzer mwaka 1949. Ni nzuri mno kuitazama, na anayejua hali ya pwani ya Louisiana ya leo ataitazama kwa moyo mzito.

Mtu aliyeanza kwa fedha za wauza manyoya alimaliza kwa fedha za wauza mafuta. Katikati alipiga picha watu ambao, kama ungezisikiliza filamu zake tu, hawakuwahi kumuuzia mtu chochote.

Alifariki tarehe 23 Julai 1951 huko Vermont, akiwa na umri wa miaka 67. Mwaka 1955 Frances, aliyekuwa mshirika wake katika karibu kila kazi, alikusanya watengenezaji filamu kwenye shamba lao wakae siku kadhaa wakitazama na kujadili. Ndio mwanzo wa Semina ya Filamu ya Robert Flaherty, ambayo inaendelea hadi leo na imepitiwa na majina makubwa ya sinema ya dunia. Frances alifundisha kwamba mumewe aliingia katika kila nchi bila mawazo ya awali, akingoja maisha yenyewe yamwonyeshe. Wake wa wasanii wana haki zao.

Mwaka huo huo wa 1955 mtu mwingine wa familia alikuwa safarini.

Mtoto wa Maggie alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1921, miezi michache baada ya meli kuondoka. Aliitwa Josephie. Flaherty hakurudi Port Harrison, hakumtaja hadharani, hakumwona. Josephie alilelewa na watu wa mama yake, akawa mwindaji, akaja kujulikana kama Josephie Flaherty. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilianza kuhamisha familia za Inukjuak kwenda kaskazini ya mbali, kama kilomita 2,000, kwenye visiwa ambako hapakuwa na kijiji. Walielezwa kuwa huko kuna wanyama wengi na kwamba wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka miwili. Waliohamishwa wameshikilia tangu hapo kwamba walipelekwa kama milingoti ya bendera, ili katika miaka ya vita baridi Kanada iweze kusema visiwa vile vina raia wake. Kwa jumla walikuwa watu wapatao 90. Bila kuwauliza, waligawanywa njiani, wengine wakashushwa Resolute, wengine Grise Fiord. Josephie, mkewe Rynee na watoto wao walifuata mwaka 1955 na kushushwa Grise Fiord, ambako jua hutua mwishoni mwa Oktoba na kurudi Februari. Hawakurudishwa baada ya miaka miwili.

Hapo ndipo mwana wa Flaherty alipoishi maisha ambayo baba yake aliyatengeneza kwa ajili ya kamera. Mwanamume na familia yake kwenye barafu, mbali na duka, wakitegemea sili. Kwa Allakariallak kulikuwa na kituo cha biashara upande wa pili wa picha, na chai. Kwa Josephie hapakuwa na upande wa pili. Binti yake Martha, aliyekuwa mtoto wa kama miaka mitano walipofika, amesimulia jinsi alivyokuwa akichukuliwa na baba kuwinda gizani akiwa bado mdogo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsaidia. Josephie alifariki mwaka 1984. Martha Flaherty akaja kuwa kiongozi wa Pauktuutit, chama cha wanawake wa Kiinuiti cha Kanada, na mmoja wa sauti zilizodai serikali ieleze ilichofanya.

Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, *Nanook* ilikuwa mojawapo. Mwaka 1996 serikali ya Kanada ilikubali kuweka mfuko wa dola milioni 10 kwa waliohamishwa na familia zao, bila kuomba radhi. Radhi ilikuja Agosti 2010, ikatamkwa Inukjuak kwenyewe.

Mwezi uliofuata zilizinduliwa sanamu mbili za mawe, kila moja ikiwa imechongwa na Muinuiti. Huko Grise Fiord amesimama mwanamke pamoja na mtoto na mbwa. Huko Resolute, mamia ya kilomita mbali, amesimama mwanamume peke yake. Wamewekwa wakitazamana.